NANAA YA BONDENI TUIPANDE NYUMBANI

Nanaa mnaijua. Ni majani yale yenye harufu kali ya kupendeza ambayo watu wa pwani hutia katika chai. Sokoni huuzwa mafungu madogo madogo, pamoja na giligilani. Ukisugua jani moja kwa vidole, harufu inabaki mkononi.

Wengi wetu hudhani kwamba kila nanaa ililetwa na wageni. Siyo hivyo. Ile inayouzwa sana sokoni asili yake ni Ulaya na Asia. Lakini iko nyingine, nanaa ya majini, ambayo Afrika pia ni kwao. Huota Ulaya, huota Asia ya Magharibi, na huota Afrika mpaka kusini kabisa. Hata huku kwetu Afrika Mashariki imo, hasa sehemu za milimani zenye vijito na majaruba yasiyokauka. Haikupandwa na mtu. Inajiotea yenyewe mahali penye tope na kivuli.

Basi leo tunataka tuizungumze nanaa hiyo, na namna ya kuipanda nyumbani. Mtu atauliza: kama inajiotea bondeni, kuna haja gani ya kuipanda? Si twende tukachume tu? Swali zuri. Hilo ndilo tutakalolijibu kwanza, maana ndani yake kuna jambo la afya.

JANI LA BONDENI NA MINYOO YA INI

Wafugaji wanajua minyoo ya ini. Ukichinja ng'ombe au kondoo aliyelishwa majarubani, mara nyingine unakuta ndani ya ini minyoo bapa yenye umbo la jani. Mnyama wa namna hiyo hukonda hata kama anakula vizuri.

Minyoo hiyo huingiaje? Mayai yake hutoka na kinyesi cha ng'ombe, yakafika majini. Humo yanaanguliwa, na vitoto vyake vinaingia katika konokono wadogo wa majini. Vinakaa humo, vinaongezeka, halafu vinatoka. Vikishatoka vinatafuta jani lililo majini au lililoloa, vinanata hapo na kujifunika kwa ganda. Ni vidogo sana, huwezi kuviona. Ng'ombe akila jani hilo, amekula na minyoo.

Na binadamu je? Ni vile vile. Mtu akila mbichi majani yaliyoota katika maji ambamo ng'ombe hunywa na kunya, anaweza kupata minyoo ya ini. Kuyasuuza kwa maji matupu hakutoshi, maana vile vitoto vimenata kweli kweli. Kuchemsha ndiko kunakoviua. Kwa hiyo anayechuma nanaa jarubani na kuichemsha katika chai hana shaka kubwa. Lakini anayeikatakata mbichi katika kachumbari, au anayetafuna jani njiani huku akitoka kisimani, huyo anajihatarisha.

Sababu ya pili ni kisima chenyewe. Nanaa ya bondeni huishika ardhi ya ukingo kwa mizizi yake. Tukienda watu ishirini tukaing'oa pamoja na mizizi, udongo unabaki wazi na mvua ikija unachukuliwa. Hapa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba tutalima bustani ya nanaa pale pale kijitoni. Tutachukua vipande vichache vya shina, basi, na kuviotesha kwetu.

KUITAMBUA

Ukifika bondeni, usichume kila jani linalonukia. Tazama mambo matatu.

Kwanza shika shina. Shina la nanaa si la mviringo. Lina pembe nne, nawe utazisikia ukilizungusha katikati ya vidole. Pili tazama majani. Yanaota mawili mawili, moja likielekeana na jingine. Ila mrehani na kivumbasi nao wana shina la pembe nne na majani yanayoelekeana, kwa kuwa ni ndugu wa ukoo mmoja na nanaa. Kwa hiyo jambo la tatu, harufu, ndilo linaloamua. Sugua jani. Ikiwa hakuna harufu ya nanaa, acha hapo hapo.

Nanaa ya majini ina maua ya zambarau hafifu yaliyokusanyika kama mpira mdogo kwenye ncha ya shina. Ile ya sokoni maua yake hupanga mstari mrefu uliochongoka. Shina la ile ya bondeni mara nyingi lina wekundu wa zambarau, na ladha yake ni kali zaidi. Wengine hawaipendi katika chai. Sisi tunaona ni suala la kuzoea, na la kutia majani machache.

Kama huko kwenu hakuna nanaa ya majini, usihangaike. Nunua fungu la sokoni, chagua mashina ambayo bado ni mabichi, uyaoteshe. Maelezo yote yanayofuata yanaifaa nayo pia.

PEMBE YA NYUMBA ISIYOOTA KITU

Karibu kila nyumba ina pembe ambayo mahindi hayakubali. Pengine ni nyuma ya jiko, upande usiopata jua la mchana. Pengine ni kando ya tangi au bomba, mahali panapodondokewa na maji kila siku. Pengine ni chini ya migomba. Mama akipanda mchicha hapo unarefuka tu na kuwa mwembamba. Hapo ndipo mahali pa nanaa.

Lakini sikilizeni vizuri, maana hapa watu wengi hukosea. Nanaa inapenda kivuli, haipendi giza. Harufu yake ni mafuta. Mafuta hayo yamo katika vifuko vidogo mno vilivyo juu ya jani, na unaposugua vinapasuka. Ili mmea utengeneze mafuta ya kutosha unahitaji mwanga. Ukiipanda mahali ambapo jua halifiki kabisa, itaota, itarefuka, lakini mashina yatakuwa dhaifu na harufu itakuwa kidogo. Mahali pazuri ni pale panapopata jua la asubuhi, saa tatu au nne hivi, halafu kivuli mchana kutwa. Migomba iliyopogolewa majani makavu hutoa kivuli cha namna hiyo.

Chini ya kahawa napo panafaa kwa kivuli, ila kama kahawa yako inapigwa dawa, usipande hapo jani la kuliwa. Dawa inadondoka.

Vile vile unyevu si dimbwi. Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, jinsi vijiji vilivyohimizwa kufukia madimbwi na kufyeka vichaka kwa sababu ya mbu. Tusiyarudishe madimbwi kwa kisingizio cha nanaa. Udongo uwe umeloa kama kitambaa kilichokamuliwa. Ukikanyaga maji yakijaa kwenye unyayo, chimba mfereji mdogo yatoke, au inua tuta kiasi cha shubiri moja. Nanaa ya majini inavumilia tope, lakini ile ya sokoni mizizi yake inaoza.

KUPANDA

Nanaa haipandwi kwa mbegu. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, na miche inayotoka mara nyingi haifanani na mama yake. Tena iko nanaa moja mashuhuri, ile kali inayotiwa katika peremende na dawa ya meno, ambayo ni chotara. Mzazi wake mmoja ni hii hii nanaa ya majini, na mwingine ni ile ya sokoni. Mtaalamu wa mimea wa Uingereza, John Ray, aliandika habari zake mwaka 1696. Kama nyumbu asivyozaa, chotara huyu naye kwa kawaida hatoi mbegu za kuota. Imeenea duniani kwa kukatwa vipande na kupandwa. Basi mtu akikuuzia pakiti akasema ni mbegu za nanaa kali ya peremende, mwachie pakiti yake.

Kata mashina machanga yenye urefu wa kiganja, chini kidogo ya kifundo, yaani pale majani yanapotokea. Ondoa majani ya chini, bakiza manne au sita ya juu. Weka mashina katika gilasi au kikombe cha maji safi, mahali pa kivuli. Badili maji kila siku mbili. Baada ya wiki moja au mbili utaona mizizi myeupe. Ikifika urefu wa kidole kimoja, pandikiza.

Kwa nanaa ya bondeni tunashauri neno moja zaidi. Ukishafika nyumbani yaoshe yale mashina vizuri, yaoteshe, na majani ya zamani uliyokuja nayo usiyale mabichi. Subiri yanayochipua kwako. Hayo yameota mahali pasipo konokono wala kinyesi cha ng'ombe majini, na hapo ndipo faida ya kazi yote hii ilipo.

Lima udongo kina cha jembe. Changanya samadi iliyooza kabisa, karai moja kwa hatua moja ya tuta. Usizidishe. Nanaa iliyoshiba mno hutoa majani makubwa, laini, yasiyo na harufu ya kutosha, tena magonjwa huyapenda. Panda kila mche kwa nafasi ya futi moja. Kandamiza udongo, mwagilia, funika kwa majani makavu ya mgomba ili unyevu usipotee.

ITAKAVYOTAKA KUKUTAWALA

Hapa lazima tuseme wazi. Nanaa ni mkorofi. Inatoa matawi marefu yanayotambaa juu ya ardhi na chini yake, na kila kifundo kikigusa udongo kinatoa mizizi. Ukiiacha mwaka mmoja, utaikuta kwenye tuta la vitunguu. Ukiipalilia kwa jembe unaikata vipande, na kila kipande kinaota. Umeiongeza wewe mwenyewe.

Dawa yake ni chombo. Chukua ndoo mbovu, debe la mafuta ya kula, au sufuria iliyotoboka. Toboa matundu chini maji yapite. Jaza udongo na samadi, panda miche miwili au mitatu, kisha fukia chombo ardhini, mdomo wake ubaki juu kwa vidole vinne. Mizizi haitatoka. Matawi yatakayorukia nje yakate kila wiki, hayo nayo ni mboga. Usitumie debe lililokuwa na dawa ya kuulia wadudu, hata kama umeliosha mara kumi.

Na maji ya kumwagilia? Maji yaliyosafishia mboga au mchele ni mazuri sana. Maji ya bafuni yana sabuni, na tuseme ukweli, yana mengine pia. Kama ni ukame na huna jingine, yamwage kwenye shina la mgomba, siyo juu ya majani utakayokula. Maji ya chooni hayaruhusiwi kabisa.

KUTU

Ugonjwa mkubwa wa nanaa unaitwa kutu, kwa sababu unafanana na kutu ya chuma. Geuza jani utazame upande wa chini. Ukiona vidonge vya rangi ya machungwa au kahawia, ndio huo. Ni ukungu, na unasambazwa na upepo na maji yanayoruka.

Usipoteze fedha kununua dawa kwa ajili ya debe moja. Kata mashina yote mpaka chini, yachome moto, usiyatie kwenye mboji. Machipukizi mapya mara nyingi huja safi. Yasipokuja safi, ng'oa, badili udongo, anza upya na mashina kutoka kwa jirani asiye na ugonjwa. Mwagilia chini ya mmea wala si juu, na fanya hivyo asubuhi ili majani yasilale yameloa.

Hata bila ugonjwa, baada ya miaka miwili au mitatu debe linajaa mizizi mitupu na katikati panakuwa na upara. Ligeuze, chagua vipande vichanga vya pembeni, uvipande katika udongo mpya.

KUCHUMA NA KUTUMIA

Baada ya miezi miwili au mitatu unaweza kuanza. Chuma asubuhi umande ukishakauka, kabla ya jua kali. Wakati wenye harufu nyingi ni pale vichwa vya maua vinapoanza kutokeza. Usinyofoe jani moja moja, kata shina juu ya kifundo. Hapo litatoa matawi mawili.

Kwa chai, weka majani katika birika, mimina maji yaliyochemka, funika dakika tano au zaidi kidogo. Kufunika ni muhimu, maana ile harufu unayoisikia ikitoka na mvuke ndiyo mali yenyewe inakimbia.

Chai ya nanaa husaidia tumbo lililojaa gesi, na lile linalosokota baada ya kula. Lakini mwenye kiungulia asiitumie, inaweza kumzidishia. Mama mjamzito na mwenye upungufu wa damu wainywe katikati ya milo, siyo pamoja na chakula, kwa kuwa kama chai ya kawaida inapunguza madini ya chuma ambayo mwili unayapata katika chakula.

Sasa tufike kwenye homa. Iko desturi ya kumpaka au kumnywesha mgonjwa vitu vya nanaa kali ili "apoe". Mgonjwa mwenyewe atasema anasikia baridi, na mama ataridhika. Tueleze kinachotokea. Ndani ya nanaa kali ya peremende kuna kitu kinaitwa mentholi. Mwaka 2002 wataalamu wawili walioko Marekani, David Julius na Ardem Patapoutian, kila mmoja katika maabara yake, walitumia mentholi kutafuta jinsi mishipa ya fahamu inavyosikia baridi. Waligundua kwamba katika mishipa hiyo kuna kitu mfano wa mlango. Baridi ikija, mlango unafunguka na habari inapelekwa kwenye ubongo. Mentholi nayo inaufungua mlango ule ule, ingawa hakuna baridi yoyote. Mwaka 2021 walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi zao kuhusu namna mwili unavyosikia joto, baridi na mguso.

Maana yake ni nini kwetu? Maana yake mwili unadanganywa. Unasikia baridi, kumbe joto ni lile lile. Homa haikushuka, na malaria iko pale pale. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati siku hiyo hiyo akapimwe damu. Chai ya nanaa isiwe sababu ya kusubiri kesho.

Na mtoto mchanga asipakwe kabisa mafuta ya mentholi puani wala usoni. Yanaweza kumfanya ashindwe kupumua.

Tumesikia pia watu wakisema nanaa ikipandwa dirishani mbu hawaingii. Harufu ya jani zima lililotulia kwenye debe haitoshi kukulinda. Kivumbasi ndicho kina sifa hiyo zaidi, na uchunguzi uliofanywa Kenya magharibi ulionyesha kwamba kinapunguza mbu kwa kiasi. Kwa kiasi, siyo wote. Tena kivumbasi kinataka jua, kwa hiyo usikiweke pembe moja na nanaa. Chandarua kibaki kitandani.

Ukivuna nyingi kuliko unazotumia, kausha. Funga mashina kumi kumi, yaning'inize kichwa chini mahali penye kivuli na upepo, mbali na moshi wa jiko. Ukianika juani rangi inapauka na mafuta yanaruka. Baada ya wiki moja hivi, jani likivunjika kwa kishindo kidogo ukilikunja, yapukuchue majani, yatie katika chupa kavu yenye kifuniko. Weka kabatini au mahali pa giza. Chupa moja namna hiyo inaweza kukufikisha mpaka mvua nyingine, wakati debe lako limekauka juu na wewe unamwagilia kidogo kidogo tu ili mizizi isife.